Bendera za Ras Kitau

Chekeni kwanza mpaka mmalize, ndipo nianze, maana najua nikifika katikati mtaangua kicheko nami nitashindwa kuendelea, na jambo hili kulisema mara moja tu ni kazi. Mliyoyasikia ni kweli. Ni mimi, Mbwana mshoni, niliyesababisha watu wa Shela wavuke maji na matari yao na vyetezo vyao kwenda kulisomea Fatiha kopo tupu la biskuti. Aibu yake ninayo mpaka leo, na nikipita Shela huwa nainamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha mchangani.

Yalianzia bomani. Mwaka ule, kabla ya vita vya Wajerumani, tuliletewa Bwana Mkubwa mpya, Mzungu kijana, mrefu, mpole kwelikweli, hana neno na mtu, ila alikuwa na maradhi yake mamoja: mpira wa fimbo, wenyewe wanauita gofu. (Kwa asiyeujua: unaweka kijipira cheupe chini, unakipiga kwa fimbo yenye kichwa cha chuma mpaka kiende usikione, kisha unakwenda kukitafuta juani huku jasho likikutoka, ukikipata unakipiga tena, mpaka kiingie kwenye kishimo chenye bendera, kikishaingia unafurahi, unakitoa, unaanza upya. Nilimuuliza kama huko kwao ni adhabu, akasema watu wanalipa ili wacheze.) Mimi na yeye tulijuana kwa sababu ya suruali. Aliniletea suruali iliyochanwa na miiba, nikaishona, akarudi nayo imechanika pengine, nikaishona, akarudi tena, mwisho akasema, "Mbwana, afadhali twende wote." Basi nikawa nafuatana naye akienda kutafuta viwanja, sindano yangu kofiani, naye akichanika tu nafanya kazi papo hapo, yeye amesimama nyuma ya kichaka na shuka kiunoni.

Kwa hiyo mtu akitaka kuvijua viwanja vya gofu vya visiwa hivi, kipi kizuri na kipi cha kumtoa mtu roho, asihangaike kwenda bomani, aje dukani kwangu. Tulianza mashambani nyuma ya mji wa Lamu, kwenye minazi, na pale nawaambia msiende, maana mpira unagonga mnazi unarudi nyuma, unagonga mwingine, mwishowe unakuwa nyuma ya pale ulipoanzia, na mwenye shamba amekuja anahesabu madafu yake kwa jicho baya. Faza kuna uwanda maji yakitoka, tambarare, unang'aa, Bwana Mkubwa alitaka kuruka kwa furaha; lakini gofu ni mchezo mrefu na maji ya Faza hayamsubiri mtu, tukafika kwenye bendera ya mwisho na bahari imetufika magotini, mpira umechukuliwa na kaa, na wazee wa Faza wamekaa juu ya mashua iliyopinduliwa wanatupa mashauri. Mkokoni, upande wa bara, ndiko kwenye majani hasa, mafupi, laini, kama yamekatwa kwa mkasi, na Mzungu aliapa kwamba pwani nzima hakuna kiwanja kama kile. Asubuhi ya pili tukakuta nyayo za chui zimezunguka kishimo, nikamwambia Bwana Mkubwa kwamba mimi ni mshoni wa nguo, ngozi ya mtu siijui kuishona, tukaondoka.

Akabaki na Ras Kitau, pale Manda, panapotazamana na Shela. Hapana nyumba, hapana shamba, mchanga mtupu na vichaka na upepo mzuri. Akasawazisha duara za mchanga, akazimwagia mafuta ya papa ili upepo usizipeperushe (harufu yake, ndugu zangu, acheni), katikati ya kila duara akafukia kopo tupu la biskuti, hilo ndilo kishimo. Likabaki jambo moja tu, bendera.

"Nyekundu, Mbwana," aliniambia. "Ionekane mbali."

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipojimaliza mwenyewe. Bafta nyekundu ilikuwa dukani kwa Mhindi, mwendo wa kutafuna tambuu moja, lakini jua lilikuwa kali nami nilikuwa nimeshiba wali wa nazi, na chini ya benchi langu palikuwa na masalio ya kitambaa cha kijani na cheupe, kizuri, hakichuji, yaliyobaki nilipowashonea watu wa Shela bendera za ziara yao ya Takwa. Nikaona kitambaa ni kitambaa, na kijani nacho huonekana mbali. Nikakata, nikakunja pindo, na mkono wangu ulivyozoea, kabla sijauliza akili, ukaweka na hilali nyeupe katikati. Zikapendeza mno. Mzungu akazisimamisha mwenyewe, akanipa mkono, akaondoka siku hiyo hiyo kwenda Faza kwa kazi za serikali, akasema atarudi wiki ijayo.

Ninyi ni watu wa huku, sina haja ya kuwaeleza bendera ya kijani na nyeupe ikisimama peke yake mahali pasipo nyumba ina maana gani. Kila mtu hapa tangu utotoni anajua: hapo amelala mtu mwema, vua viatu, soma Fatiha, omba haja yako. Na watu wa Shela wamezoea kuvuka kwenda Manda kuzuru kaburi la kale kule Takwa, hata dua za mvua wanakwenda kuziomba huko. Basi wameamka asubuhi, wamefungua madirisha, wanaona ng'ambo bendera zinapepea, mpya, safi, hakuna aliyezisimamisha, hakuna aliyesikia habari. Ningekuwa mimi niko Shela ningedhani nini?

Lakini mimi sikuwa Shela, nilikuwa Lamu nawaza mambo yangu, na mambo yangu yalikuwa Mwana Esha. Nilikuwa nimefiwa na mke, nimechoka kula wali wa kujipikia, nikapeleka posa kwa babake, Mwalimu Shee wa Shela, anayesomesha watoto Kurani, mtu wa heshima, mkali kwa haki, nikampelekea na sinia la nguo za binti yake kama inavyotakiwa. Binti mwenyewe sikuwahi kumwona uso, ila siku moja nimepeleka kanzu ya babake nilimsikia nyuma ya mlango akisema, "Aliyeshona hapa ana subira." Nisiwafiche, nilimpenda kwa neno lile tu. Mwalimu alisema nije Alhamisi, anipe jibu.

Alhamisi nikaenda, kanzu nyeupe, mafuta ya mkarafuu. Nafika mlangoni, nani ananifungulia? Bi Zena, mamake Mwalimu. Amesimama! Bi Zena ambaye tangu Ramadhani hakuwahi kuinuka kitandani kwa magoti, aliyekuwa akibebwa hata kwenda msalani, leo amesimama kizingitini kwa miguu yake mwenyewe anacheka.

"Mbwana, ndoo ndani," akaniita kwa mkono, "ndoo uone neema."

Akaketi, akafungua kitambaa cha hariri, akafungua kingine ndani yake, akanionyesha jiwe. Jiwe jeupe, la mviringo, lenye vishimo vidogo vidogo pande zote. Wanawake waliokwenda Manda kukata kuni walilikuta ndani ya kishimo chini ya bendera, wakamletea yeye kwa sababu ya magoti yake, naye akalilaza ndani ya bakuli la maji, akanywa asubuhi na jioni, na siku ya tatu akainuka.

Nililijua lile jiwe. Siku ile ya bendera nilikuwa nimelitafuta vichakani kwa mikono na magoti, kumbe limelala koponi, nikachanwa na miiba, na mwenyewe amesimama juu yangu na fimbo ananiambia, "Kushoto, Mbwana, kushoto kidogo." Nikafumbua mdomo kusema. Wallahi nilifumbua. Pale pale Mwalimu akaingia, na Mwalimu yule mkali, ambaye watoto wa chuoni wakisikia kikohozi chake hunyamaza, macho yalikuwa mekundu.

"Mbwana," akasema, "mamangu ametembea."

"Alhamdulillahi," nikasema (ningesema nini?).

"Mimi aliyelala pale simjui, na kwa sababu simjui nilikataza watu wasiende. Lakini mamangu ametembea, nami nitafanyaje? Kesho asubuhi tunavuka kuzuru, mji mzima. Tukirudi, baada ya sala ya Ijumaa, nitakuozesha binti yangu. Ametaka mamangu, iwe siku moja, furaha mbili."

Haya, niambieni, ninyi mnaojua kunicheka. Mbele yangu mama mtu amepona, pembeni baba mtu analia kwa furaha, nyuma ya mlango nasikia bangili za Mwana Esha zinalia, na mimi niseme nini? Kwamba lile ni tufe la Mzungu la kuchezea? Mdomo nikaufumba. Nikajiambia, Bwana Mkubwa yuko Faza mpaka wiki ijayo, watazuru, watasoma, watarudi, nitaoa, kisha taratibu nitakwenda kubadilisha bendera niweke nyekundu, na watu watasema mambo ya Mungu ni siri. Hesabu hiyo niliipenda sana, nikala na halua.

Ijumaa asubuhi Shela nzima ilikuwa ufuoni. Nilitangulia nyumbani kwa Mwalimu, nikamkuta anavaa joho lake, lile jeusi la kitani na uzi wa dhahabu analolivaa mara moja kwa mwaka, bega likamkwama, na mimi mshoni nikamsaidia, nikalivuta, nikalinyoosha mgongoni. Akanigeukia akasema, "Linakaa sawa?" Nikamwambia, "Linakaa sawa, Mwalimu." Mngeniuliza siku ile nzima ni kitu gani nakijutia, ningewaambia ni hilo.

Tukavuka. Matari yakipigwa, ubani ukifuka, wanawake kwenye mashua zao wakipiga vigelegele, na Bi Zena katikati yao, amekataa kubebwa. Tulipofika Ras Kitau alishuka mwenyewe, maji mpaka kwenye vifundo, akapanda mchanga hatua kwa hatua ameshika bega la mjukuu wake, na watu wakimpisha huku wanalia. Harufu ya mafuta ya papa ikatupokea. Nikamsikia mtu nyuma yangu akinong'ona kwamba basi aliyelala hapa alikuwa baharia. Tukasimama tukaizunguka bendera ile palipookotwa jiwe, Mwalimu akainua mikono, akaanza Fatiha, na sote tukainua. Nami nikainua, na nilichokuwa nikiomba mimi ni kwamba upepo wa Faza usiwe mzuri.

Upepo wa Faza ulikuwa mzuri sana. Bwana Mkubwa alimaliza kazi mapema, akarudi kwa njia ya nje ya Manda, mashua ikapita mkabala na Ras Kitau, akaona bendera zake zinapepea, akawaambia mabaharia wamshushe upande wa pili wa vilima achezecheze kidogo kabla ya chakula. Haya niliyajua baadaye. Wakati ule tulichokijua ni kwamba Mwalimu amefika kwenye "amin", sote tukaitika "amin", na kitu kikaanguka kutoka mbinguni.

Pu! Katikati yetu. Cheupe, cha mviringo. Kikadunda mara moja, kikapita kati ya miguu ya Mwalimu, kikaviringika polepole juu ya ule mchanga wenye mafuta, polepole hivi, watu zaidi ya mia wakikifuata kwa macho, kikafika ukingoni mwa kopo, kikasita, kikaingia. Ko!

Kuna mtu alianguka akasujudu. Mwingine akatoa shahada. Mimi mwenzenu nilitazama kilima, kwa sababu nilijua nani anakuja, na kweli, kofia ikatokeza, kisha uso mwekundu, kisha fimbo, na Bwana Mkubwa akateremka mbio anapiga kelele kwa furaha (niliambiwa baadaye kwamba mpira kuingia kishimoni kutoka mbali vile, Mzungu anaweza kuzeeka asiupate). Alipoona umati akasimama. Akavua kofia, akaitia kifuani.

"Samahani," akasema kwa Kiswahili chake. "Samahani sana. Nani amekufa?"

Akatazama huku na huku, akaniona mimi, na uso wake ukafunguka. "Mbwana! Wewe naleta watu kuona mchezo! Na bendera yako, wote napenda bendera yako!" Kisha macho yake yakaangukia mkononi mwa Bi Zena, aliyekuwa amelitoa jiwe lake kwenye hariri ili aliombee, na maskini yule kijana, hana ubaya hata chembe, akapiga makofi. "Oo, bibi ameona mpira yangu! Mimi natafuta sana!"

Akainama, akautoa ule wa kwenye kopo, akaunyanyua. Miwili, mmoja mkononi mwake, mmoja mkononi mwa Bi Zena, na huwezi kuitofautisha.

Bi Zena aliutazama wa Mzungu, akautazama wake, akaunyoosha mkono akampa. Kisha akaketi. Hakuanguka, aliketi tu pale mchangani, kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka. Mjukuu wake akamshika kwapani amwinue, akajaribu, akajaribu tena, magoti yakakataa.

Mwalimu Shee akanijia taratibu, hakupaza sauti.

"Bendera hizi ni kazi ya mkono wako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Jana, mamangu alipokuonyesha lile jiwe, ulilijua?"

"Nililijua, Mwalimu."

Nilitamani anipige. "Bendera nimekusamehe," akasema. "Kitambaa ni kitambaa, kila mtu hukosea. Na Fatiha haipotei, waliokufa ni wengi, itawafikia. Lakini asubuhi nilikuuliza, ukaninyooshea joho mgongoni, ukaniambia linakaa sawa." Akalivua lile joho pale pale mbele za watu, akalikunja, akaliweka mkononi. "Binti yangu hutampata, Mbwana. Sasa mchukue mamangu mpaka mashuani."

Nikamweka Bi Zena mgongoni. Mji mzima ulisimama pande mbili ukatupisha, hakuna aliyecheka (kucheka walianza walipofika Shela, na mpaka leo hawajaacha), Mzungu amesimama na kofia yake kifuani anauliza watu kuna nini na hakuna anayemwambia, na mimi nashuka mchanga ule miguu inatitia. Alikuwa mwepesi, bibi wa watu. Tulipokaribia maji akaniwekea mdomo sikioni.

"Mbwana, nambie kweli. Lile jiwe ni la kutezea?"

"Ni mpira wa Mzungu, Bibi."

"Na yale mai niloyanwa?"

"Mai ya mpira, Bibi."

Nikahisi anatikisika mgongoni mwangu, nikadhani analia, nami nikataka kulia, kumbe anacheka, anacheka mpaka buibui lake likanifunika uso nisione ninakokwenda. Nikacheka na mimi kidogo kwa woga. Kisha akaacha kucheka.

"Nilikuwa nimepona, wewe," akasema. "Ungemwambia mwanangu kwa siri jana ile ile, yeye angejua la kufanya, ziara angeitafutia udhuru. Ungenificha mimi tu. Yeo ningekuwa natembea."

Hilo halikuwa limenipitia akilini hata mara moja. Nilidhani kuna mambo mawili tu, niseme mbele ya wote au ninyamaze mbele ya wote, na kumbe lilikuwepo la tatu, jepesi, la kumvuta mtu mmoja pembeni, ambalo mwanamke wa miaka yake aliliona akiwa amebebwa mgongoni.

Sinia langu lilirudishwa kabla ya sala ya alasiri, limefunikwa vizuri kwa adabu. Mwana Esha aliolewa Faza, kwa mtu mwema, na kanzu ya bwana harusi nilishona mimi kwa sababu waliniletea nami sikuwa na uso wa kukataa. Mzungu alipopata habari aliziondoa bendera zake, akamaliza muda wake bila kucheza tena Ras Kitau, akahamishwa. Na Bi Zena hakuinuka tena peke yake mpaka Mungu alipomchukua.

Kwa hiyo mnaponiona siku hizi namvuta mtu pembeni na kumnong'oneza jambo asilotaka kulisikia, msinione mchimvi wa kuwaharibia watu furaha. Nimeapa. Jana tu bwana harusi mmoja amekuja kujitazama kwenye kioo changu, kanzu imempinda begani, ameridhika, anacheka peke yake, wenzake wanamngoja nje na matari, naye akanigeukia akaniuliza, "Inakaa sawa?" Nikafunga mlango, nikamwambia, "Vua."